Kabla ya Kuwa Ushuru, "Tariff" Ilikuwa Taarifa

Tarehe 2 Aprili 2025 Rais Donald Trump alisimama katika bustani ya Ikulu ya Marekani akiwa na ubao mkubwa wenye majina ya nchi na asilimia pembeni yake. Katika orodha iliyotolewa siku hiyo, Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi ziliwekewa asilimia 10, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 11, Lesotho 50. Hata visiwa vya Heard na McDonald, karibu na Antaktika, ambako haishi mtu yeyote, viliandikiwa 10. Tangu siku hiyo tumezoea kusoma na kusikia kwamba Marekani "imeitoza Kenya ushuru", "imeipiga Lesotho ushuru", "imeibana China kwa ushuru". Sentensi hizo ni Kiswahili sanifu, na ni habari isiyo sahihi. Hakuna ofisa wa forodha wa Marekani aliyekuja Nairobi kudai fedha, na hazina ya Maseru, mji mkuu wa Lesotho, haikuandika hundi kwenda Washington. Kilichobadilika ni jedwali ambalo mwagizaji wa Kimarekani hulisoma kabla ya kutoa mzigo wake bandarini.

Kosa hilo linaanzia kwenye neno lenyewe. Waingereza na Wamarekani wanaposema "tariff", sisi tunaandika "ushuru" na kuendelea na safari, kana kwamba maneno hayo ni pacha. Si pacha. Ushuru ni pesa inayolipwa. Tariff, katika asili yake na katika matumizi yake ya kiofisi hadi leo, ni orodha inayotangaza pesa hiyo: bidhaa gani, kwa jina gani, kwa kiwango gani, kuanzia lini. Kwa maneno mengine, ni taarifa. Na hapo sichezi na maneno, kwa sababu "tariff" ya Kiingereza na "taarifa" ya Kiswahili zimetoka tumbo moja.

Mzizi ni wa Kiarabu, herufi tatu: ayn, ra, fa, wenye maana ya kujua. Ukiuweka katika umbo la kumfanya mwingine ajue, unapata jina "ta'rif": kujulisha, kutambulisha, kutoa maana ya kitu. Mtu aliyepita madrasa analikumbuka kutoka somo la nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, kwa kuwa ile "al" inayotangulia majina ya Kiarabu huitwa ya taarifu, yaani inayolifanya jina lijulikane. Kiswahili kilichota kwenye mzizi huu kwa ndoo kubwa. Tuna arifu, maarifa, maarufu, taarifa ya habari, na sasa arifa zinazolia kwenye simu kila dakika. Mbunge anaposimama kumkatiza mwenzake na kusema "Taarifa, Mheshimiwa Spika", anatumia neno hilohilo kwa maana yake ya kwanza kabisa: kuna jambo hulijui, ngoja nikujulishe.

Tawi la pili lilivuka Bahari ya Kati. Wafanyabiashara wa Kiitalia waliofanya biashara na bandari za Waarabu walihitaji kujua kila bandari inatoza nini kwa kila aina ya mzigo, na tangazo la viwango hivyo likaingia kwenye Kilatini cha zama za kati kama "tarifa" na kwenye Kiitalia kama "tariffa": orodha ya bei, kitabu cha viwango. Kiingereza kililipokea miaka ya 1590. Mwanzoni lilikuwa pia na maana ambayo sasa imekufa, jedwali la hesabu, lile ambalo karani alilitazama ili asirudie kuzidisha kila mara. Pamoja na hiyo ilikuwepo orodha rasmi ya viwango vya forodha. Maana ya tozo yenyewe, ile pesa inayotoka mfukoni, ilikuja kukaa juu ya maana ya orodha, kama vile mtu anavyosema "menyu ya hoteli hii ni ghali" ilhali ghali ni chakula.

Lipo simulizi jingine linalopendwa mno, na linarudi kila neno hili linapopata umaarufu. Linasema kwamba "tariff" limetokana na Tarifa, mji wa Uhispania kwenye mlango wa bahari wa Gibraltar, ambako eti maharamia walisimamisha meli na kuzitoza fedha. Ni hadithi tamu na haina mguu wa kusimamia. Mji wa Tarifa umepewa jina la Tarif ibn Malik, kamanda aliyevuka kutoka Afrika Kaskazini mwaka 710, mwaka mmoja kabla ya Tariq aliyeupa jina mlima wa Gibraltar. Jina lake huandikwa kwa herufi to, ile T nzito, na halina ayn ndani yake. "Ta'rif" huandikwa kwa te nyepesi na ina ayn katikati. Kwa sikio la Mzungu tofauti hizo zilipotea zote mbili, ndiyo maana Mhispania leo anaandika mji na orodha ya bei kwa herufi zilezile. Lakini Mswahili ana ushahidi mdomoni mwake. Ayn ya Kiarabu mara nyingi ilipoingia Kiswahili iliacha alama ya irabu mbili zinazofuatana: saa, maana, jamaa, maarifa, taabu. "Taarifa" ina aa mbili kwa sababu ayn ilikaa hapo. Kama neno lingetokana na jina la yule kamanda, irabu ile ya pili isingekuwa na pa kutokea.

Ukifuata ndugu wengine wa neno hili unaona wazi kwamba forodha ni chumba kimoja tu katika nyumba yao. Mturuki huita "tarife" ratiba ya vivuko pamoja na nauli zake, na "tarif" ni maelezo ya kupika chakula. Mzungumzaji wa Kiurdu au Kihindi akisema "taarif" anamaanisha sifa au utambulisho. Kwa Mfaransa "tarif" ni bei iliyobandikwa, iwe ya kinyozi au ya treni. Uingereza kwenyewe hoteli huweka tariff yake ukutani, kampuni ya gesi ina tariff zake, na mahakamani jaji alipokuwa akimhukumu mtu kifungo cha maisha, muda wa chini ambao lazima autumikie kabla ya kufikiriwa kuachiliwa uliitwa tariff. Hakuna ushuru hata chembe katika hayo. Kuna jambo moja linalopita ndani yake yote: kiwango kilichotangazwa mapema ili kila mtu ajue kinachomsubiri.

Na wala hatuhitaji kwenda Istanbul kuliona. Tanzania, mwenye mita ya Luku, ile ya kulipia umeme kabla ya kutumia, anajua kama yuko kundi la D1 au T1, na wengi huita hizo "tariff" bila kutafsiri. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, D1 ni ya mtumiaji mdogo wa nyumbani: uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na akizidi hapo kila uniti ya ziada ni shilingi 350. T1 ni shilingi 292 kwa uniti tangu ya kwanza. Mtu anayetumia uniti 70 akiwa T1 atalipa 20,440 kabla ya kodi, na akiwa D1 atalipa 7,000. Hakubadilisha jiko, taa wala friji. Kilichobadilika ni mstari wa jedwali aliowekwa. Kenya nayo ilitunga mwaka 2008 sera ya kununua umeme kwa wazalishaji binafsi wa upepo, maji na mabaki ya mimea, na kwa Kiingereza bei wanayolipwa wazalishaji hao huitwa tariff. Ukiitafsiri sera hiyo kwa neno "ushuru" utakuwa umemgeuza mlipwaji kuwa mlipaji.

Sasa, ipo hoja nzito dhidi ya mwelekeo huu wote, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Wanaisimu husema asili ya neno haitawali maana yake. Neno ni mali ya wanaolitumia leo, si ya waliolizaa. Mfano mzuri ni "ushuru" wenyewe: umetokana na Kiarabu "ushr", sehemu moja ya kumi, ukoo mmoja na ashara na ishirini. Hakuna anayedai leo kwamba ushuru ukizidi asilimia 10 si ushuru tena. Nakubaliana na hoja hiyo kabisa. Kama ushahidi pekee ungekuwa Kiarabu cha zama za kati, mjadala ungekuwa wa kupendeza na usio na kazi. Lakini kwa "tariff" asili haijafa. Iko kazini kila siku. Chombo cha kisheria kinachotumika katika bandari za Marekani kinaitwa jedwali la tariff, kinatunzwa na kuchapishwa na tume ya serikali, na hakuna senti inayoweza kutozwa bila kwanza kupata mstari wake mle ndani. Nchi nyingi duniani zinafanya hivyo hivyo. Anayesoma "tariff" kama pesa tu anaruka hatua ambayo ndiyo inayoamua pesa itakuwa kiasi gani.

Jedwali hilo lina mpangilio unaofanana karibu duniani kote. Shirika la Forodha Duniani, lenye makao Brussels, linasimamia mfumo wa pamoja wa kutaja bidhaa ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Una sehemu 21 na sura 97, ingawa sura ya 77 imeachwa wazi kwa matumizi ya baadaye. Kila bidhaa inapewa namba: tarakimu mbili za kwanza ni sura, nne ni kichwa, sita ni kichwa kidogo. Hadi tarakimu ya sita nchi zote wanachama zinakwenda pamoja. Baada ya hapo kila mmoja anaongeza zake. Jumuiya ya Afrika Mashariki inafika tarakimu 8, Marekani 10. Kahawa ni 0901, chai ni 0902, nguo za mitumba ni 6309. Mtu akikosea namba, hata kama hakudanganya bei wala uzito, amekosea kila kitu kinachofuata.

Na hapa ile maana nyingine ya "ta'rif", kutoa maana ya kitu, inarudi kwa nguvu. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1883 iliweka asilimia 10 kwa mboga na kuacha matunda bila ushuru. Familia ya wafanyabiashara ya Nix ikaleta nyanya katika bandari ya New York, ikadai kwamba nyanya ni tunda, kwa kuwa kwa mtaalamu wa mimea chochote chenye mbegu kinachotokana na ua ni tunda. Kesi yao dhidi ya mkusanya ushuru Hedden ilifika Mahakama ya Juu, na Mei 1893 majaji wote walikubaliana: kwa lugha ya sokoni na mezani, nyanya ni mboga. Familia haikurudishiwa ushuru iliokuwa imelipa. Miaka 110 baadaye, mwaka 2003, mahakama ya biashara ya kimataifa ya Marekani ilibidi iamue kama sanamu ndogo za X-Men, mashujaa wa katuni za Kimarekani, ni wanasesere au ni vitu vya kuchezea tu, kwa sababu mwanasesere ni sanamu ya binadamu na alitozwa asilimia 12, ilhali kitu kingine cha kuchezea kilitozwa 6.8. Kampuni iliyoziagiza ikajenga hoja kwamba wahusika hao si binadamu, ikashinda.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa magari. Tangu 1964 Marekani inatoza asilimia 25 kwa magari madogo ya mizigo yatokayo nje, kutokana na ugomvi wa zamani na Ulaya kuhusu kuku, wakati gari la abiria lilikuwa asilimia 2.5. Ford ikawa inaleta gari lake la Transit Connect kutoka Uturuki likiwa na viti vya nyuma na madirisha, linapita forodha kama gari la abiria, kisha ndani ya Marekani viti vinang'olewa na gari linauzwa kama la mizigo. Mahakama ya rufaa ilikataa ujanja huo mwaka 2019, na mwaka 2024 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 365 kumaliza madai ya serikali. Viti vile vya nyuma vilikuwa na thamani kwa sababu moja tu: vililipatia gari jina jingine katika jedwali.

Afrika Mashariki tuna jedwali letu. Hotuba za bajeti huliita Viwango vya Ushuru wa Pamoja wa Forodha, na neno "viwango" hapo limewekwa kwa akili. Lilianza 2005 na ngazi tatu, na tangu Julai 2022 ni nne: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, 10 kwa bidhaa za kati ambazo hazipatikani kwenye ukanda wetu, 25 kwa zile za kati zinazopatikana, na 35 kwa bidhaa nyingi zilizokamilika. Hesabu inaanzia kwenye thamani ya CIF, ambayo kila aliyewahi kuagiza gari Japani anaijua: bei ya kitu, bima, na nauli ya meli mpaka bandarini. Chukua mzigo wa CIF shilingi milioni moja unaoingia Dar es Salaam. Ukiangukia ngazi ya 25, ushuru ni 250,000, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya 1,250,000, yaani 225,000. Jumla 475,000 bila kuhesabu ada nyingine ndogo. Mzigo uleule ukisomwa kama bidhaa iliyokamilika ya ngazi ya 35, ushuru ni 350,000, VAT ni 243,000, jumla 593,000. Tofauti ya 118,000 imezaliwa na jina. Ndiyo maana mwagizaji mwenye busara humwomba wakala wake wa forodha apate uamuzi wa awali wa namba kutoka mamlaka ya mapato kabla mzigo haujapakiwa, badala ya kubishana gharama za kuhifadhi kontena zikiwa zinakimbia.

Mitumba inaonyesha kwamba hata "kiwango" si lazima kiwe asilimia. Jedwali la Jumuiya linasema nguo za mitumba zilipe asilimia 35 au dola 0.40 kwa kilo, kipi kikubwa. Belo la kilo 45 kwa hiyo haliwezi kulipa chini ya dola 18. Kama thamani yake ya CIF ni dola 40, asilimia 35 ni dola 14, kwa hiyo mwagizaji atalipa 18. Asilimia inaanza kutawala belo likifika takriban dola 51.40. Maana yake ni kwamba anayeleta mitumba ya bei ya chini kabisa, ile wanayoivaa watu wenye kipato kidogo, ndiye mwenye kubeba mzigo mkubwa kwa uwiano. Mchele unafuata mtindo huo, asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kipi kikubwa, ingawa nchi mwanachama huomba nafuu mara kwa mara. Habari ikisema tu "ushuru wa mitumba ni asilimia 35", imemficha msomaji jambo hilo lote.

Turudi kwenye swali la nani analipa, ambalo ndilo lililopotoshwa zaidi. Kisheria jibu ni moja. Mzigo unapofika Marekani, anayewajibika ni mwagizaji aliyetajwa kwenye tamko la forodha, mara nyingi kampuni ya Kimarekani. Anaweka dhamana, anawasilisha hesabu kwa kawaida ndani ya siku 10 za kazi baada ya kuingiza mzigo, na analipa forodha ya nchi yake mwenyewe. Tena Marekani haihesabu nauli ya meli na bima ya safari ya baharini ndani ya thamani inayotozwa, tofauti na sisi wa CIF, kwa hiyo asilimia 10 ya kwao na asilimia 10 ya kwetu hazilingani hata kwa mzigo uleule. Dai kwamba serikali ya nchi inayouza ndiyo inayolipa halina mlango wa kuingilia popote katika utaratibu huo.

Walio upande wa pili wana hoja bora kuliko hiyo, na wanaosema "ushuru wanalipa Wamarekani, basi" huwa wanaipita haraka. Anayetoa pesa dirishani si lazima awe ndiye anayeumia. Mnunuzi wa Marekani anaweza kumwambia mwenye kiwanda cha nguo: punguza bei, la sivyo naenda Bangladesh. Kiwanda kikipunguza, sehemu ya tariff imelipwa Athi River, Kenya, au Maseru bila kuandikwa kwenye karatasi yoyote. Kikishindwa, kinapoteza oda, na mshonaji anarudi nyumbani. Hilo ni umaskini halisi. Lakini hata hapa vipimo vipo. Wachumi Amiti, Redding na Weinstein waliochunguza viwango vipya vya Marekani vya mwaka 2018 walikuta karibu mzigo wote umeangukia wanunuzi wa ndani ya Marekani, kwa kuwa bei za wauzaji wa nje hazikushuka. Chuma kilikuja kuonyesha tofauti, kwani baadhi ya wauzaji wa nje walishusha bei kadiri muda ulivyokwenda. Kwa hiyo jibu la kweli linategemea bidhaa, nguvu ya muuzaji, na kama mnunuzi ana pengine pa kwenda. Sentensi "Marekani imeitoza Kenya" haiachi nafasi ya swali lolote kati ya hayo.

Pwani yetu iliwahi kuandikiana na Marekani juu ya jambo hilihili. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba na mjumbe wa Marekani Edmund Roberts. Ulisema Wamarekani watalipa asilimia 5 tu kwa mizigo wanayoishusha. Meli za Salem, Massachusetts, zikaleta kitambaa cha pamba ambacho hadi leo kinaitwa merikani, zikaondoka na pembe za ndovu na gundi ya sandarusi. Forodha ya Zanzibar ilikuwa imekodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyolipa Sultani kiasi maalumu kwa mwaka na kukusanya yenyewe. Thamani ya mkataba ule kwa nahodha wa Salem haikuwa katika udogo wa asilimia 5 peke yake. Alijua kiwango hicho kabla hajang'oa nanga, miezi kadhaa kabla ya kuiona Unguja, na alijua hakitabadilika njiani.

Hilo ndilo lililovunjika mwaka 2025, na ndilo ambalo neno "ushuru" peke yake haliwezi kulisema. Kwa bidhaa za China, kiwango kilichotangazwa Aprili 2, pamoja na nyongeza za mwanzo wa mwaka, kilifika asilimia 54. Kufikia Aprili 10 kilikuwa 145. Katikati ya Mei kilikuwa kimeshuka hadi 30. Meli inayotoka Shanghai huchukua wiki kadhaa kufika pwani ya Marekani, kwa hiyo mzigo uliopakiwa chini ya kiwango kimoja ungeweza kufika chini ya cha pili huku cha tatu kikiwa kimeshatajwa. Ilibidi kuwekwa masharti maalumu: kwa ile asilimia 10 ya awali, mzigo uliopakiwa melini kabla ya Aprili 5 ulisamehewa kama ungeingizwa kabla ya Mei 27. Waagizaji wengine walisimamisha oda. Kiwango kikubwa kinachojulikana mfanyabiashara anaweza kukiweka kwenye bei na kuendelea. Kiwango kinachobadilika kila wiki hakiwezi kuwekwa popote, hata kikiwa kidogo. Orodha isiyoweza kuaminiwa hadi mzigo ufike imeacha kufanya kazi ambayo orodha ya namna hiyo ilibuniwa kuifanya.

Kwa wahariri na wafasiri, marekebisho si magumu, na hayahitaji kuunda neno jipya. "Ushuru" ubaki kwa pesa inayolipwa forodhani. Panapozungumzwa orodha au mabadiliko yake, tuandike viwango vya ushuru au jedwali la ushuru. Umeme, maji na simu ni viwango vya bei. Hukumu za Uingereza ni muda wa chini wa kifungo. Wapo wanaopendekeza tukope "tarifu" na kumaliza. Sioni faida, kwa sababu itabeba utata uleule wa Kiingereza na itasikika kama "taarifu" iliyokosewa. Muhimu zaidi ni kumtaja mtendwa kwa usahihi. Marekani haiitozi Uganda. Inatoza bidhaa zinazotoka Uganda, na inamtoza anayeziingiza.

Uganda yenyewe inaonyesha kwa nini hilo si suala la urembo wa lugha. Agosti 2025 kiwango cha bidhaa zake kilipandishwa kutoka 10 hadi 15, na hiyo ndiyo namba iliyobaki vichwani mwa watu. Miezi mitatu baadaye, bei ya kahawa madukani Marekani ikiwa imepaa na nchi hiyo ikiwa hailimi kahawa ya maana nje ya Hawaii na Puerto Rico, amri ya Novemba 14 iliiondoa kahawa katika viwango hivyo vipya, pamoja na chai na ndizi. Asilimia 15 ya Uganda haikuguswa na amri hiyo. Lakini kahawa ni miongoni mwa mauzo makubwa kabisa ya Uganda nje ya nchi, na gunia la arabika kutoka Bugisu, kwenye miteremko ya mlima Elgon, likarudi kuingia New York bila kiwango hicho, kwa sababu ya mstari mmoja wa jedwali unaoanza na 0901.